Siasa Ilipotoka, Historia Ikatoka Nayo

Usiku wa tarehe 31 Desemba 1969, Watanzania waliokuwa na redio, pamoja na majirani wasiokuwa nayo, walimsikiliza Rais wao akiutangaza mwaka uliokuwa ukiingia kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Hoja yake ilikuwa ya hesabu. Mtoto anayeingia darasa la kwanza sasa hivi hatausaidia uchumi wa nchi kwa miaka mitano, kumi, pengine ishirini. Mtu mzima akijifunza jambo jioni hii, kesho asubuhi ataliingiza katika kazi yake. Nchi maskini haina nafasi ya kumngojea mtoto akue wakati baba na mama yake wamekaa tu nyumbani.

Aliyesema hayo alikuwa mwalimu wa historia. Jambo hilo husahaulika kwa sababu neno Mwalimu limegeuka jina lake, na jina likishazoeleka hatuulizi tena lilitokea wapi. Julius Nyerere alisoma Chuo Kikuu cha Edinburgh kuanzia 1949 hadi 1952, na miongoni mwa masomo yake yalikuwa historia, uchumi na falsafa ya maadili. Aliporudi alifundisha historia katika shule ya St. Francis, Pugu, mpaka Machi 1955 alipolazimika kuchagua kati ya chaki na chama cha siasa cha TANU. Ukiisoma mipango ya elimu ya watu wazima ya nchi hii kwa miaka yake 15 ya mwanzo, utamwona mwalimu yule wa Pugu nyuma ya kila ukurasa: hakuridhika mtu mzima ajue kusoma tu, alitaka pia ajue ametoka wapi na amefikaje hapo alipo.

Kwa hiyo anayedhani elimu ya watu wazima Tanzania ilianza na a-e-i-o-u ameanzia katikati. Ilianza na historia, uchumi na siasa, ng'ambo ya kivuko, Kigamboni.

Serikali ya kikoloni haikuwa na haja ya Mwafrika mtu mzima anayejua historia. Ilimhitaji karani, tarishi na mpiga taipu, na masomo ya jioni yaliyokuwepo mjini yalielekea huko. Miaka ya mwisho ya 1950 alikuja Tanganyika mwanamke mmoja Mwingereza, Joan Wicken, kuangalia kama inawezekana kuanzisha chuo cha watu wazima. Aliligeuza wazo kuwa mpango, akasaidia kuutafutia fedha, kisha akabaki hapa akiwa msaidizi wa Nyerere kwa zaidi ya miaka 30. Mfano waliouangalia ni Ruskin College ya Oxford, iliyofunguliwa mwaka 1899 kwa ajili ya wafanyakazi ambao mlango wa chuo kikuu ulikuwa umefungwa mbele yao: wachimba makaa na watu wa reli waliotaka kusoma historia na uchumi ili warudi katika vyama vyao wakiwa na hoja.

Chuo cha Kivukoni kilifunguliwa Julai 1961, na mkuu wake wa kwanza alikuwa Mwingereza, Colin Leys. Chuo Kikuu, kikiwa na kitivo kimoja tu cha sheria, kilifunguliwa Oktoba mwaka huohuo katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba. Yaani katika nchi hii chuo cha watu wazima wasio na vyeti kilimtangulia kaka yake mwenye joho. Waliokwenda Kivukoni walikuwa watu wa vyama vya wafanyakazi, makatibu wa ushirika na viongozi wa TANU wa wilaya, wengi wao wakiwa na miaka michache tu ya shule. Walisoma siasa, uchumi na historia, na kazi za mikono hazikukosekana. Wengi wao hawakuhitaji cheti, kwa kuwa kazi walikuwa nazo tayari. Walichokuwa wakikikosa ni maelezo: bei ya pamba inapangwa na nani, kwa nini gavana alikuwa na nguvu ile, wazee waliopigana na Wajerumani walishindwaje.

Swali hilo la mwisho lilikuwa gumu, kwa sababu mwaka 1961 hapakuwa na kitabu cha kulijibu. Historia iliyokuwa katika shule ilikuwa ya Vasco da Gama na Dokta Livingstone, na Mwafrika alionekana ndani yake akiwa amebeba mzigo wa mtu mwingine. Ilibidi historia yenyewe itafutwe kwanza, ndipo ifundishwe.

Kazi hiyo ilifanyika Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Terence Ranger, aliyefukuzwa na serikali ya walowezi wa Rhodesia, alifika mwaka 1963 akawa profesa wa kwanza wa historia. Oktoba 1965 wanahistoria wa Afrika walikusanyika Dar es Salaam katika mkutano wa kimataifa uliofunguliwa na Nyerere mwenyewe. Mwaka 1968, chini ya uongozi wa John Iliffe na Gilbert Gwassa, wanafunzi walitawanyika kusini na mashariki mwa nchi kuwahoji wazee walioikumbuka Vita ya Maji Maji ya 1905 hadi 1907. Mwaka uliofuata Isaria Kimambo na Arnold Temu walitoa kitabu cha historia ya Tanzania kilichomweka Mtanzania katikati ya habari zake.

Hapa nataka kusimama kidogo. Wazee wale walitoa kumbukumbu zao kwa Kiswahili na kwa lugha za kwao. Walizungumza na vijana ambao baba zao waliwajua, wakaeleza habari za dawa ya maji, za Ngarambe ilikotolewa, za njaa iliyofuata vita. Lakini sehemu kubwa ya yaliyoandikwa kutokana na maelezo yao ilitoka kwa Kiingereza. Mjukuu aliyefika kidato cha nne aliweza kuisoma. Mzee aliyeitoa hakuweza. Aliyewarudishia watu wazima historia ile katika lugha yao alikuwa mwandishi wa tamthilia: Ebrahim Hussein, na *Kinjeketile* yake ya mwaka 1969. Ukumbi wa maonyesho uliifanya kazi ambayo darasa halikuifanya. Naona hili ndilo doa la kwanza katika kisa hiki, na kila mara tutakapodhani limefutika litajitokeza tena.

Doa hilo lilikuwepo hata penye shauku kubwa zaidi. Mwanahistoria Walter Rodney alifika Mlimani mwaka 1966, akaondoka, akarudi 1969 na kukaa hadi 1974. Alishirikiana na wanafunzi wa USARF, chama cha vijana wa mrengo wa kushoto ambacho mwenyekiti wake mmoja alikuwa kijana wa Uganda aitwaye Yoweri Museveni. Kila Jumapili wanafunzi hao walifanya madarasa ya itikadi: hakuna aliyewalazimisha, hakuna aliyewapa alama, na walisoma historia ya ubepari na ya ukoloni zaidi kuliko walivyoisoma siku za kazi. Kitabu cha Rodney juu ya jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilichapishwa mwaka 1972, London na hapa Dar es Salaam kwa Tanzania Publishing House. USARF na jarida lao, *Cheche*, vilikuwa vimeshapigwa marufuku Novemba 1970. Madarasa yale yalikuwa elimu ya hiari ya kiwango cha juu kabisa. Lakini mvuvi wa Msasani, umbali wa kilomita chache kutoka Mlimani, hakuweza kuingia humo. Mlango haukuwa umefungwa kwake. Lugha ndiyo iliyokuwa imefungwa.

Tuje kwa mvuvi huyo, maana kwake ndiko serikali ilikokuwa inaelekea.

Msasani ya miaka ile ilikuwa na nyuso mbili. Upande mmoja kulikuwa na Oysterbay, iliyopangwa na wakoloni iwe uzunguni, na ambayo baada ya Uhuru ilianza kupokea mawaziri na mabalozi. Upande mwingine kulikuwa na kijiji cha wavuvi kwenye ghuba, nyumba za makuti na ngalawa zilizovutwa ufukweni. Nyerere alipotaja mwishoni mwa mwaka 1970 wilaya sita zitakazofuta ujinga wa kutojua kusoma na kuandika kabla ya Desemba 1971, Dar es Salaam ilikuwa mojawapo, pamoja na Mafia, Ukerewe, Masasi, Pare na Kilimanjaro. Shule za msingi zikageuzwa vituo vya watu wazima. Mchana walikaa watoto, na baada ya hapo waliingia mama zao, kwa sababu wanawake ndio waliojaza madarasa hayo nchi nzima. Watu wakayaita ngumbaru. Jina hilo lilikuwa na kejeli kidogo, na wanafunzi wake walilibeba bila kujali.

Kufikia mwaka 1975, watu zaidi ya milioni 5 walikuwa wamejiandikisha nchini kote. Takwimu za serikali zilionyesha kuwa wasiojua kusoma na kuandika, waliokuwa karibu theluthi mbili ya watu wazima katika sensa ya 1967, walishuka hadi asilimia 39 mwaka 1975 na asilimia 9.6 mwaka 1986. Mtu anaweza kuzitilia shaka baadhi ya tarakimu hizo. Mwelekeo wake hauna shaka. Yusuf Kassam, aliyefanya kazi Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, aliwahoji baadhi ya waliofuzu, akayachapa mazungumzo yao mwaka 1979, na wanachokieleza zaidi ni heshima na ujasiri: mtu aliyekuwa akipeleka barua kwa jirani asomewe, na jirani akazijua siri zake zote, sasa anaisoma mwenyewe.

Taasisi hiyo yenyewe ilianza mwaka 1960 kama tawi la Makerere la masomo ya nje ya chuo, ikahamia chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kisha mwaka 1975 ikapewa sheria yake na kujitegemea. Chini ya mkurugenzi wake Paul Mhaiki, ndiyo iliyobuni chombo ambacho mpaka leo nchi nyingine hukitolea mfano: kampeni za redio. Utaratibu wake ulikuwa mwepesi. Watu kumi na kadhaa wa mtaa mmoja wanaunda kikundi na kuchagua kiongozi, ambaye anapewa mafunzo mafupi na kitabu. Kwa siku na saa iliyopangwa wanawasha redio, wanasikiliza kipindi, wanasoma ukurasa wa kitabu kwa sauti ili na asiyejua kusoma apate, halafu wanajadiliana. Mwaka 1969 walianza na *Kupanga ni Kuchagua*, juu ya mpango wa pili wa maendeleo. Mwaka 1970 ikaja *Uchaguzi ni Wako*. Mwaka 1973 *Mtu ni Afya* ilifikia watu wapatao milioni 2, na viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifundishwa kwa ajili yake. Vyoo vilichimbwa kwa wingi. Wageni wakaja kutazama.

Kati ya hizo mbili na *Mtu ni Afya* kuna kampeni moja ambayo husahaulika, na kwangu ndiyo ya maana kuliko zote. Ni *Wakati wa Furaha* ya mwaka 1971. Nchi ilikuwa inatimiza miaka 10 ya Uhuru, na Taasisi ikaamua kwamba sherehe bila somo haitoshi. Vikundi vikakaa mbele ya redio kujifunza historia ya nchi yao: hali ilivyokuwa kabla ya Uhuru, jinsi Uhuru ulivyopatikana, na kilichofanywa tangu 1961. Ilikuwa ndogo kuliko *Mtu ni Afya*, na haikuacha choo hata kimoja cha kuhesabiwa. Pengine ndiyo maana wafadhili hawaizungumzii. Lakini fikiria maana yake. Katika kikundi kama hicho, redio ikisema kwamba TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954, huenda amekaa mtu aliyekuwa na kadi ya TANU tangu mwaka huo. Mwanafunzi anajua kuliko kitabu. Mtu mzima haingii darasa la historia mikono mitupu. Anaingia na shahada ya kuishi, na mwalimu mwenye busara humsikiliza kwanza. Paulo Freire, Mbrazili aliyekuja kuijenga hoja hiyo duniani kote, alitembelea Tanzania mwaka huohuo wa 1971 na kuzungumza na watu wa Taasisi.

Wengi walitegemea mazungumzo ya namna hiyo yakue. Mwaka 1973 Waziri Mkuu Rashidi Kawawa alitoa waraka ulioagiza kila mahali pa kazi pawe na madarasa ya wafanyakazi. Juni 1976 Dar es Salaam ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa dunia wa elimu ya watu wazima, na hotuba ya Nyerere ya kuufungua bado inasomwa na wanafunzi wa fani hiyo. Waliomaliza hatua za kisomo waliwekewa masomo ya kujiendeleza, historia na siasa zikiwemo.

Lakini kulikuwa na tatizo lililokua pamoja na mafanikio. Historia iliingia kwa watu wazima kupitia mlango wa siasa. Mwenye ufunguo wa mlango huo alikuwa chama.

Kivukoni ndiyo inayoonyesha jambo hili waziwazi. Mwaka 1971 chuo kiligeuzwa kuwa chuo cha itikadi cha TANU. Watu walewale wa vyama vya wafanyakazi na ushirika waliendelea kwenda, ila sasa hawakwenda kuuliza tena. Walikwenda kupata jibu. Mwaka 1981, TANU ikiwa imeshakuwa sehemu ya CCM, chuo hicho, sasa kikiitwa Chuo cha CCM Kivukoni, kilitoa kitabu kiitwacho *Historia ya Chama cha TANU 1954 hadi 1977*. Kilikuwa kitabu cha historia kwa watu wazima kwa Kiswahili, kile kilichokuwa kimekosekana mwaka 1961. Kilisomwa na kufundishwa na makada. Na kiliwakasirisha watu fulani wa Kariakoo na Gerezani, ambao walifungua kurasa zake wakitafuta majina ya baba zao wasiyaone, au wakayaona kwa mstari mmoja.

Kwa mjuzi wa mji huu, jina lililokosekana zaidi ni la Sykes. Kleist Sykes alikuwa miongoni mwa waasisi wa African Association mwaka 1929. Mwanawe Abdulwahid alikuwa kiongozi wa chama hicho, kilichokuja kuitwa TAA, hadi Aprili 1953, pale Ukumbi wa Arnautoglo, Nyerere alipomshinda katika uchaguzi wa rais wa chama. Mwaka mmoja baadaye TAA ikawa TANU. Kleist alikuwa ameacha maandishi juu ya maisha yake. Mjukuu wake, Daisy Sykes Buruku, akiwa mwanafunzi wa historia Mlimani, aliyatumia kuandika insha juu ya babu yake, iliyochapishwa mwaka 1973 katika kitabu alichokihariri Iliffe. Kwa hiyo habari zilikuwepo, zimechapishwa, miaka minane kabla ya kitabu cha Kivukoni. Zilikuwa kwa Kiingereza, katika rafu za chuo kikuu. Doa lilelile.

Mwaka 1998 Mohamed Said, mtoto wa mji ambaye si mwanahistoria wa chuo kikuu, alichapisha London kitabu juu ya Abdulwahid Sykes, ambacho kimetoka pia kwa Kiswahili. Alikusanya kumbukumbu za wazee wa Dar es Salaam, nyaraka na picha za familia, akadai kwamba mchango wa wenyeji wa mji, na hasa Waislamu, ulifutwa katika historia rasmi. Wapo wanaompinga kwa nguvu, na baadhi ya hoja zao zina uzito. Mimi simwamini kwa kila jambo. Lakini tazama kilichotokea baada ya kitabu chake: barazani, misikitini na kwenye redio, watu wazima ambao hawajawahi kukaa katika darasa la historia walianza kubishana juu ya mkutano wa 1953, nani alikuwa katibu, nani alitoa fedha, nani alikuwepo ukumbini. Walianza kudaiana ushahidi, kazi ambayo kitabu cha Kivukoni hakikuwa kimewapa.

Wakati ubishi huo unaanza, madarasa yenyewe yalikuwa yameshafungwa au yanasinzia. Vita ya Kagera ya 1978 na 1979, bei ya mafuta na ukame viliimaliza hazina, na mwaka 1986 nchi ilisaini makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa. Posho ya mwalimu wa ngumbaru haikuwa kubwa hata siku zilipokuwa njema. Sasa ilichelewa, kisha ikakatika. Miaka ya 1990 idadi ya wasiojua kusoma ikaanza kupanda tena. Haya yanajulikana na yamelalamikiwa vya kutosha.

Kisicholalamikiwa ni kilichotokea mwaka 1992. Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali iligundua kwamba wananchi wengi walioulizwa, wapatao asilimia 80, walitaka chama kimoja kiendelee, na bado ikapendekeza vyama vingi, pamoja na elimu kubwa ya uraia kwa umma. Pendekezo la vyama vingi lilitekelezwa mwaka huohuo. La elimu likawekwa kando. Shuleni somo la Siasa likafutwa na Uraia ukachukua nafasi yake. Chama hakikuweza tena kuendesha chuo kwa mgongo wa nchi, hivyo Kivukoni kikageuzwa kuwa chuo cha sayansi ya jamii. Tangu mwaka 2005 ni Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, na kinatoa vyeti, diploma na shahada kama vyuo vingine. Na kwa watu wazima, kwa kuwa historia ilikuwa mgeni wa siasa, mwenyeji alipoondoka na mgeni akaondoka. Hakuna waraka uliosema historia isifundishwe tena kwa watu wazima. Ilikosa tu mtu wa kuisimamia. Kilichobaki ni elimu ya mpiga kura, inayokuja kila baada ya miaka mitano kumwonyesha mtu mahali pa kuweka alama ya vema.

Serikali ikabaki na njia mbili za kumfikishia mtu mzima historia, na zote ni za mitihani. Ya kwanza ni Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kuanza kazi mwaka 1994 chini ya Profesa Geoffrey Mmari, na ambacho makao yake makuu yako hapahapa Kinondoni. Kimewapa shahada walimu, polisi, wanajeshi na akina mama waliosoma usiku baada ya watoto kulala. Ni kazi kubwa, ila ni ya aliyekwisha kufika mbali. Njia ya pili ni ile watu wanayoiita QT, mtihani wa maarifa kwa asiyepita sekondari ya kawaida, ambao baada yake mtu hufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Historia imo katika masomo yake, kwa Kiingereza. Dada wa kazi wa Masaki anayesoma QT jioni anakariri sababu za ukoloni kuja Afrika katika lugha ya wakoloni, ili apate cheti kitakachomtoa jikoni. Simlaumu, wala siulaumu mtihani. Nasema tu kwamba hilo ni somo la kufaulu, na ni tofauti na lile la *Wakati wa Furaha*.

Somo lile la zamani, mtu kusoma kwa sababu anataka kujua, limehamia katika asasi na nyumba za watu. Mtandao wa Jinsia Tanzania, ulioanzishwa mwaka 1993, ulijenga desturi ya semina za wazi kila Jumatano pale Mabibo, ambako mama lishe hukaa kiti kimoja na mhadhiri. Mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha Kigoda cha Mwalimu Nyerere, Issa Shivji akiwa wa kwanza kukikalia, na mwaka uliofuata Wole Soyinka alikuja kutoa mihadhara katika tamasha lake. Baadaye Shivji na wenzake walianzisha Kavazi la Mwalimu Nyerere, Kijitonyama, na mwaka 2020 yeye, Saida Yahya-Othman na Ng'wanza Kamata walitoa juzuu tatu za maisha ya Mwalimu. Mikocheni kuna Soma, mkahawa wa vitabu wenye mazungumzo ya wasomaji. Kijiji cha Makumbusho, kando ya barabara ya Bagamoyo, kimekuwa kikiandaa siku ambazo watu wa kabila moja huja kueleza mila zao wenyewe. Vyote hivi, ukiondoa Mabibo na Mlimani, viko mwendo mfupi wa daladala kutoka Msasani. Vimefanywa na watu wenye moyo. Lakini vinamfikia anayejua kwamba vipo, na muuza samaki wa Msasani kwa kawaida si mmoja wao.

Na sasa limeingia jambo jipya. Mtaala ulioanza kutekelezwa mwaka 2024 umeleta shuleni somo la Historia ya Tanzania na Maadili, na linafundishwa kwa Kiswahili, hata sekondari. Nusu karne baada ya doa lile kuonekana, mtoto analifutiwa. Mama yake je? Atarudi mtoto na swali la Maji Maji au la Azimio la Arusha, na mama hatakuwa na pa kuliuliza. Nyerere wa mwaka 1969 angeshangaa kuona tumeanza na mtoto.

Ninachoomba kwa Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima na kwa Manispaa ya Kinondoni hakihitaji mfadhili. Shule za msingi za Msasani zipo, na saa kumi na moja jioni madarasa yake ni matupu. Kitabu cha Kiswahili cha somo jipya kipo. Walimu wastaafu waliofundisha ngumbaru, na walio hai bado, wapo. Liwekwe darasa moja kwa wiki, la historia, kwa Kiswahili, bila ada, bila mtihani na bila kada. Muhula wa kwanza usiende mbali. Uanze na barabara ambazo watu wa kata hiyo wanazipita kila siku. Kimweri wa Vuga alikuwa nani, na utawala wake Usambara uliishaje baada ya kifo chake mwaka 1862? Haile Selassie ana nini na sisi? Touré aliwaambia nini Wafaransa mwaka 1958? Kenyatta, Karume na Kibaki wamefikaje kuwa majina ya barabara za Dar es Salaam? Wakazi watakuwa na mengi ya kuongeza, na mwalimu awe tayari kuandika wanayosema.